“Kiswahili au Lugha ya Ishara”: Uhakiki wa Lugha ya Sera za Elimu ya Wanafunzi Wenye Ulemavu katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayotumiwa katika katiba, sera na mitaala inayohusu elimu ya wanafunzi wenye ulemavu nchini Kenya na Uganda. Hoja zinajengwa juu ya eneo la mpaka wa Busia na Tororo, ambako jamii zilezile zinasomesha watoto wao chini ya serikali mbili. Mambo matatu yanachunguzwa: namna Kiswahili kinavyomtaja mtu mwenye ulemavu, maana za istilahi “maalumu” na “jumuishi”, na athari za kiunganishi “au” katika mtaala wa Kenya, unaomtaka mwanafunzi asome Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya. Makala yanadai kwamba mjadala wa istilahi za heshima umefanikiwa kubadilisha majina, lakini umeliacha swali zito zaidi bila jibu, yaani lugha ambayo mtoto kiziwi ataitumia kusoma, kuandika na kuishi na jirani zake. Inapendekezwa kwamba Kiswahili cha kusoma na kuandika kifunguliwe kwa wanafunzi viziwi kama nyongeza ya lugha ya ishara, wala si kama mbadala wake.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa lugha ya sera umezoea kuuliza swali moja: je, maneno yaliyotumiwa yana staha? Swali hilo ni la haki. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na pia haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Ni nadra kwa katiba kuingia katika uwanja wa msamiati kiasi hicho. Ibara ya 260 inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa inaufafanua ulemavu kuwa ni pamoja na hali ambayo sehemu kubwa ya jamii inaiona kuwa na athari kubwa au ya muda mrefu katika shughuli za kila siku za mtu. Kwa maneno mengine, sheria inakiri kwamba sehemu ya ulemavu imo machoni mwa watazamaji, na kwa hiyo imo pia katika ndimi zao.

Hata hivyo, swali la staha haliwezi kuwa mwisho wa uhakiki. Mtoto anaweza kutajwa kwa jina zuri kabisa katika waraka na bado akaketi darasani miaka minane bila kuelewa kinachosemwa. Makala haya yanaanza na majina, kisha yanaelekea kwenye jambo ambalo majina hayo hulificha.

2.0 Muktadha: Mpaka Mmoja, Mitaala Miwili

Mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Mpaka uliotokana na mabadiliko ya zama hizo uliwagawa Wasamia na Wateso, wakawa raia wa nchi mbili. Leo mji wa Busia una pande mbili: upande wa Kenya ni makao makuu ya Kaunti ya Busia, na upande wa Uganda ni sehemu ya Wilaya ya Busia, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Tororo mwaka 1997. Kaskazini yake uko mji wa Malaba, nao umegawanywa vivyo hivyo. Katika eneo hili Lusamia, Kiteso na Kidhopadhola ni lugha za nyumbani, na Kiswahili ni lugha ya soko, ya barabara na ya madereva wa malori. Ni mpaka huu pia ulioizawadia Afrika Mashariki neno “bodaboda”.

Mnamo Februari 2018 marais wa nchi hizi mbili walizindua rasmi kituo cha pamoja cha forodha mjini Busia, ili msafiri na mzigo wake wakaguliwe mara moja tu. Elimu haina kituo cha namna hiyo. Nchini Uganda, mtaala wa mwaka 2007 unaelekeza lugha ya eneo itumike kufundishia katika madarasa matatu ya kwanza, kisha Kiingereza kishike nafasi. Nchini Kenya, lugha ya eneo hutarajiwa katika madarasa ya chini, huku Kiswahili kikiwa somo la lazima. Mtoto wa Kisamia anayevuka mpaka kwenda kwa shangazi yake anabadilisha mtaala, mtihani na lugha ya kufundishiwa kwa mwendo wa dakika chache.

Kwa mtoto kiziwi mabadiliko hayo ni makubwa zaidi. Lugha ya Ishara ya Kenya na Lugha ya Ishara ya Uganda ni lugha mbili zenye msamiati unaotofautiana, ingawa zimeathiriana. Shule za viziwi zilizo jirani, kama ile ya Mumias katika Kaunti ya Kakamega na ya Nyang’oma katika Kaunti ya Siaya kwa upande wa Kenya, au ya Ngora katika eneo la Teso kwa upande wa Uganda, kila moja inafuata mfumo wa nchi yake. Wazazi wengi wa watoto viziwi husikia, na hawakujifunza lugha yoyote ya ishara kabla ya kumpata mtoto huyo. Kwa hiyo, mtoto anaporudi likizo anakuta nyumba isiyozungumza lugha yake ya shuleni, wala shule haikumpa kikamilifu lugha ya nyumba.

3.0 Kutoka “Ni” hadi “-enye”

Wahakiki wengi wa Kiswahili wamelikosoa kundi la majina kama kipofu, kiziwi, kiwete na kilema kwa kuwa yana kiambishi ki-, kinachohusishwa na vitu. Hoja ni kwamba lugha inamwondoa mtu katika ngeli ya watu na kumweka pamoja na kiti na kisu. Hoja hii ina mvuto, lakini ushahidi wa kisarufi hauitoshelezi. Kwanza, kijana, kiongozi na kinyozi yana kiambishi hichohicho, na hakuna anayedai kwamba kiongozi amedunishwa. Pili, katika Kiswahili sanifu upatanisho wa kisarufi wa majina hayo ni wa viumbe hai: husemwa “kiziwi amefika”, si “kiziwi kimefika”. Sintaksia inamrudishia mtu utu ambao mofolojia inadaiwa kumnyang’anya.

Jambo lenye uzito zaidi liko kwingine. Neno “kilema” lina maana mbili: mtu mwenyewe, na dosari aliyo nayo. Husemwa “yeye ni kilema”, na pia “ana kilema cha mguu”. Katika tungo ya kwanza kitenzi kishirikishi “ni” kinamsawazisha mtu na dosari yake, kana kwamba hana kingine. Katika ya pili, dosari ni kitu kimoja miongoni mwa vingi alivyo navyo. Istilahi ya sasa, “mtu mwenye ulemavu”, imechagua njia ya pili. Baadhi ya wasemaji huiona kuwa tafsiri ya kigeni iliyoletwa na mikataba, hususan Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008. Lakini mbegu ya muundo huo ilikuwamo katika Kiswahili tangu zamani.

Methali “Mcheka kilema hafi bila kumfika” inathibitisha jambo hili. Katika neno “mcheka kilema” haijulikani kama anayechekwa ni mtu au ni dosari. Ila katika “kumfika” utata unakwisha: kinachomfika mcheka si mtu mwingine, bali ni hali yenyewe. Hekima ya wazee inauona ulemavu kuwa hali inayoweza kumfikia yeyote, wala si aina ya pekee ya binadamu. Kwa hiyo, mwalimu wa Busia anayesema “mtoto mwenye ulemavu” haigi lugha ya mikutano ya kimataifa. Anazungumza Kiswahili.

Pamoja na hayo, kanuni ya “-enye” isigeuzwe kuwa sheria ya kuwalazimisha wenyewe. Chama cha Viziwi Tanzania kinajiita kwa neno “viziwi”, na hakuna dharau katika jina hilo; kwa wanachama wengi wa jumuiya hiyo uziwi ni utambulisho wa lugha na utamaduni. Kwa upande mwingine, wenzao wasioona wamechagua jina la Chama cha Wasioona Tanzania. Ibara ya 54 inazungumzia jina lisilomdunisha anayetajwa, na mwenye kuhisi kudunishwa ni yeye. Ndiyo maana makala haya yanatumia “mtoto kiziwi” na “mtoto mwenye ulemavu” bila kuyaona kuwa yanapingana. Neno linalostahili kuachwa ni “bubu” linapotumiwa kwa kiziwi, kwa kuwa pamoja na kuumiza, linasema uongo: kiziwi ana lugha.

4.0 “Maalumu” na “Jumuishi”: Istilahi Zinazohama

Mwaka 2009 Kenya ilitoa sera iliyojengwa juu ya dhana ya mahitaji maalumu. Chini ya mwavuli huo waliwekwa pamoja watoto viziwi, wasioona, wenye vipawa vya juu, mayatima, wanaoishi mitaani na wa jamii za wafugaji wanaohamahama. Nia ilikuwa njema, yaani kutomwacha yeyote nje. Lakini istilahi inayowakusanya wote haimwelekezi mwalimu kwa yeyote. Mtoto yatima anahitaji mlezi na karo. Mtoto asiyeona anahitaji maandishi ya nukta nundu na mtu wa kumfundisha kuyasoma. Kuyaita yote mawili “mahitaji maalumu” ni kuyafanya yafanane kwa jina, huku yakitofautiana kwa gharama, kwa utaalamu na kwa muda. Sera ya mwaka 2018 ilirudi kwenye neno “ulemavu” katika jina lake lenyewe. Wapo wanaoona kwamba huko ni kurudi nyuma. Kwa mtazamo wa makala haya, ni hatua ya unyofu: neno lililo wazi humpa mzazi kitu cha kudai.

Uganda ilipitia njia yake. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipoanza mwaka 1997, ahadi ya awali ilikuwa kugharimia watoto wanne katika kila familia, na mtoto mwenye ulemavu alipewa kipaumbele. Kihistoria hilo lilikuwa tamko la kijasiri, kwa kuwa lilimwambia mzazi kwamba mtoto aliyekuwa akiachwa nyumbani awe wa kwanza kuandikishwa. Ila “kipaumbele” ni istilahi ya foleni. Inaeleza nani aingie mlangoni kabla ya nani; haielezi atakuta nini ndani. Mtoto asiyeona wa Tororo aliyeandikishwa wa kwanza na kuketishwa mbele ya ubao asiouona amepata kipaumbele, lakini hajapata elimu.

Istilahi “elimu jumuishi” nayo ina tatizo la kisarufi linalofaa kutazamwa. Mzizi wake ni kitenzi “jumuisha”, chenye mtendaji na mtendwa. Mfumo unamjumuisha mtoto, mtoto anajumuishwa. Katika matumizi ya kawaida kivumishi hiki kimeondoa mtendaji, na shule inaitwa jumuishi hata pale ambapo kilichofanyika ni kumruhusu mtoto kukaa tu. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa mguu, njia ya mteremko na choo kinachofikika vinaweza kulifanya neno hilo kuwa kweli. Kwa mtoto kiziwi, darasa lisilo na mwalimu wala wenzake wanaojua lugha ya ishara ni upweke wa mchana kutwa, hata likiitwa jumuishi. Hapo shule ya viziwi, ambayo kwa mizani ya istilahi ndiyo inayotenga, humjumuisha zaidi, kwa sababu humpa watu wa kuzungumza nao. Uhakiki unaopima shule kwa kivumishi chake bila kuuliza lugha ya darasani unaweza kusifu upweke.

5.0 Uzito wa Kiunganishi “Au”

Katiba hizi mbili zinaitaja lugha ya ishara kwa namna zinazotofautiana. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika sehemu ya malengo ya taifa, inaitaka serikali kuhimiza ukuzaji wa lugha ya ishara kwa viziwi. Ilikuwa miongoni mwa katiba za mwanzo duniani kufanya hivyo, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia Bungeni kuwawakilisha watu wenye ulemavu. Lakini lugha hiyo haina jina katika katiba. Ni lugha ya ishara fulani, itakayokuzwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaja kwa jina lake: Lugha ya Ishara ya Kenya. Ibara ya 7 inailinda pamoja na nukta nundu, na Ibara ya 120 inaifanya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge, sambamba na Kiswahili na Kiingereza. Tofauti kati ya nomino ya kawaida na jina la pekee si ndogo. Kisicho na jina hakiwekwi kwenye ratiba ya masomo wala kwenye karatasi ya mtihani.

Matunda ya jina hilo yalionekana upesi. Tangu mwaka 2010 Lugha ya Ishara ya Kenya imetahiniwa katika mitihani ya taifa, na mtahiniwa kiziwi huifanya mahali pa Kiswahili. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2017 umeendeleza utaratibu huo. Katika orodha ya masomo huandikwa Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya. Haya ni mafanikio yaliyopiganiwa. Kabla yake mtoto kiziwi alipimwa kwa insha na ufahamu wa lugha ambayo wenzake waliipata bure kwa masikio, naye akaandikiwa alama za aibu kwa kosa lisilo lake.

Ila kiunganishi “au” kina gharama yake. Kinaziweka lugha mbili katika nafasi moja, kana kwamba zinafanya kazi moja. Lugha ya ishara haina mfumo wa maandishi unaotumiwa na umma. Kiswahili ndicho kilichoandikwa kwenye bango la duka, kwenye kijikaratasi cha zahanati, na kwenye ujumbe wa simu ambao mama wa Kiteso anamtumia binti yake aliye bwenini. Mwanafunzi kiziwi anayemaliza shule kwa njia ya “au” anaweza kutoka na Lugha ya Ishara ya Kenya pamoja na Kiingereza cha maandishi, bila kufundishwa rasmi kusoma sentensi moja ya lugha ya taifa. Ibara ileile ya 7 inayoilinda lugha yake ya ishara inakitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mtaala unampa haki ya kwanza kwa kumwondolea ya pili.

Ulinganisho na mwanafunzi asiyeona unalidhihirisha jambo hili. Yeye hakupewa “au”. Alipewa Kiswahili kwa nukta nundu: lugha ileile kwa njia nyingine. Kwa kiziwi, njia ya maandishi ipo tayari, nayo haihitaji sikio, lakini imefungwa pamoja na ile ya sauti. Mtaala umeichukulia lugha na matamshi yake kuwa kitu kimoja.

Katika Busia na Tororo gharama hiyo ni kubwa kuliko Nairobi. Kiziwi aliyesomea upande wa Kenya na kiziwi aliyesomea upande wa Uganda wanatofautiana katika ishara zao, na jamaa zao wanaosikia wanazungumza lugha tatu au nne. Kiswahili cha maandishi, ambacho karibu kila mfanyabiashara wa mpakani anakijua kwa kiasi fulani, kingeweza kuwa uga wa kukutana: kijikaratasi kati ya muuza nguo na mnunuzi, ujumbe kati ya fundi na mteja aliye ng’ambo. Mtaala umemnyima silaha hiyo mtu anayeihitaji zaidi.

6.0 Hoja Pinzani

Inaweza kupingwa kwamba mwanafunzi kiziwi amekwisha kulemewa. Kumwongezea Kiswahili juu ya lugha ya ishara na Kiingereza ni kumrudisha kwenye adha ya zamani. Hoja hii inastahili uzito, maana historia ya elimu ya viziwi katika Afrika Mashariki ina miaka mingi ya kuwalazimisha watoto wasome midomo na kuiga sauti, huku mikono yao ikizuiwa. Lakini adha ile ilitokana na kuifuta lugha ya ishara na kuweka usemi mahali pake. Kinachopendekezwa hapa ni kinyume: lugha ya ishara iwe lugha ya kufundishia, na Kiswahili cha kusoma na kuandika kifundishwe kwa kupitia hiyo, kama lugha ya pili, kwa hiari, na kwa mtihani usio na sehemu za kusikiliza na kuzungumza.

Hoja nyingine ni ya walimu. Wanaojua lugha ya ishara ni wachache, na wanaoweza kufundisha Kiswahili kwa ishara ni wachache zaidi. Hilo ni kweli, lakini ni hoja kuhusu mafunzo, si kuhusu haki. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya imekuwapo tangu mwaka 1986, na Chuo Kikuu cha Kyambogo nchini Uganda kinaendeleza kazi ya taasisi ya elimu maalumu iliyounganishwa nacho. Vyama vya Kiswahili vina wajibu hapa, kwa kuwa hadi sasa ufundishaji wa Kiswahili umejadiliwa kana kwamba kila mwanafunzi anasikia.

7.0 Hitimisho

Mjadala wa istilahi umezaa heshima katika nyaraka, na heshima hiyo isibezwe. Hata hivyo, neno dogo la “au” limeamua mengi zaidi katika maisha ya mtoto kiziwi kuliko majina yote yaliyosahihishwa. Makala yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, mtaala wa Kenya umruhusu mwanafunzi kiziwi kusoma Kiswahili cha maandishi pamoja na lugha yake ya ishara. Pili, wataalamu wa nchi hizi mbili, wakiongozwa na viziwi wenyewe, waandae faharasa ya ishara za Kenya na za Uganda yenye Kiswahili katikati, ianzie shule za mpakani. Tatu, istilahi za heshima ziamuliwe pamoja na wanaotajwa.

Pendekezo la kwanza linaihusu Uganda kwa namna ya pekee. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la nchi hiyo liliagiza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mtaala wa agizo hilo unapoandikwa, swali la mtoto kiziwi wa Tororo litajibiwa, ama kwa makusudi ama kwa kusahauliwa. Akisahauliwa, ataondolewa kimyakimya katika somo ambalo taifa limeliita la lazima kwa kila mtoto. Uganda ina nafasi ambayo Kenya haikuwa nayo mwaka 2010: kuandika “na” kabla “au” haijazoeleka.